Silaha na Aliyetiwa Hatiani: Kutoka Buzakha hadi Buseresere

Bismillahir-Rahmanir-Rahim.

Shukrani zote njema anastahiki Allah (s.w.), Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake, Masahaba wake na kila aliyefuata mwenendo wao kwa wema.

Ama baada ya hayo. Katika miji ya machimbo kama Buseresere na jirani yake Katoro, dhahabu hubadilisha mikono mchana na usiku, na mwenye duka, mwenye ghala au mwenye duara anataka mlinzi mwenye silaha. Sasa tuchukulie mtu aliyewahi kufungwa kwa unyang'anyi. Amemaliza kifungo chake, amerudi kwao, ametubia, na anaonekana msikitini katika safu za mbele. Je, inafaa akabidhiwe bunduki? Na imamu akiombwa athibitishe kuwa mtu huyu ni mwema, aseme nini?

Wako wanaojibu haraka kwamba toba hufuta yaliyopita, basi apewe. Wako pia wanaosema mwizi ni mwizi hadi kaburini, basi asipewe kamwe. Tukiirejea historia ya Uislamu na ya nchi yetu tunaona kuwa majibu yote mawili yana upungufu. Tutalieleza hilo kwa uwezo wake Allah.

Silaha si mali kama mali nyingine

Asili ya vitu ni uhalali, na kumiliki silaha hakukukatazwa kwa asili yake. Lakini Mtume (s.a.w.) aliiwekea silaha adabu ambazo hakuiwekea jembe wala kikapu. Bukhari na Muslim wamepokea kwamba alimwamrisha mtu aliyepita msikitini na mishale aishike kwenye ncha zake asije akamjeruhi Muislamu. Wamepokea pia katazo la kumwelekezea ndugu yako silaha hata kwa mzaha, na tamko lake kwamba mwenye kuinua silaha dhidi ya Waislamu si katika wao. Abu Daud na Tirmidhi wamepokea katazo la kupokezana upanga uliochomolewa alani. Ikiwa adabu hizi ni kwa mtu mwema asiye na nia mbaya, vipi kwa mtu ambaye mkono wake umekwisha kumwaga damu au kupora mali?

Kwa ajili hiyo wanazuoni hawakutazama silaha peke yake, bali walimtazama na anayeipokea. Imamu Bukhari katika Sahihi yake ameweka mlango maalumu kuhusu kuuza silaha wakati wa fitina, akataja kuwa Imran bin Huswain (r.a.) alichukia jambo hilo. Na maulamaa wa Kishafii, ambao ndio madhehebu ya wengi wetu Afrika Mashariki, wanasema ni karaha kumuuzia silaha mtu anayejulikana kwa uasi. Ama muuzaji akiwa na uhakika kuwa itatumika kwa dhulma, anapata dhambi. Basi kumzuilia mtu silaha kwa sababu ya mwenendo wake si jambo lililozuliwa na serikali za zama hizi.

Masharti ya Buzakha

Mfano ulio wazi zaidi unatoka katika ukhalifa wa Abubakar Swiddiq (r.a.). Baada ya kufariki Mtume (s.a.w.), mwaka 11 Hijria, makabila kadhaa ya Waarabu yaliasi. Tulaiha bin Khuwailid wa kabila la Asad alidai utume, akaungwa mkono na watu wa Ghatafan, na Khalid bin Walid (r.a.) akawashinda mahali panapoitwa Buzakha. Katika vita hivyo aliuawa Ukkasha bin Mihswan (r.a.), Sahaba ambaye Mtume (s.a.w.) alimbashiria Pepo bila ya hesabu.

Baada ya kushindwa, ujumbe wa makabila hayo ulikwenda Madina kuomba amani. Abubakar (r.a.) aliwapokea, lakini akawawekea masharti. Miongoni mwake ni kunyang'anywa deraya na silaha pamoja na farasi wao, kisha waachwe wakifuata mikia ya ngamia wao, yaani wawe wachungaji tu, mpaka Allah amwonyeshe Khalifa na Muhajirina jambo la kuwapa udhuru. Bukhari ameipokea sehemu ya habari hii kwa ufupi, na wapokezi wengine wameitaja kwa urefu. Abubakar (r.a.) aliyatoa masharti hayo mbele ya watu, na Umar (r.a.) akayaunga mkono isipokuwa moja. Alipinga sharti la kuwatoza diya ya Waislamu waliouawa, akisema kuwa hao waliuawa katika njia ya Allah na ujira wao uko kwake. Likaachwa.

Tuzingatie mambo manne katika tukio hili. Kwanza, watu hawa walikuwa wamekwisha kurudi katika Uislamu, na hakuna aliyesema toba yao haikubaliki kwa Allah. Hata hivyo silaha zao zilichukuliwa. Pili, sababu ilikuwa kitendo walichokitenda, si kabila lao wala nasaba yao. Tatu, uamuzi ulitoka kwa mwenye mamlaka baada ya mashauriano, si kwa kila mwenye hasira. Nne, masharti yalikuwa na mwisho. Neno "mpaka" lilitamkwa siku ile ile silaha zilipochukuliwa.

Na mwisho huo ulifika. Abubakar (r.a.) hakuwaingiza katika majeshi yake. Umar (r.a.) aliposhika ukhalifa mwaka 13 Hijria aliwafungulia mlango, wakaenda Iraq na kwingineko. Tulaiha mwenyewe alirudi na kutoa kiapo cha utiifu. Imepokewa kuwa Umar (r.a.) hakumficha uchungu wake juu ya kuuawa Ukkasha. Pamoja na hayo alimruhusu kubeba silaha, akapigana Qadisiyya, na inasimuliwa kuwa alikufa shahidi Nahawand mwaka 21 Hijria. Lakini Umar (r.a.) aliwaagiza makamanda wake wamshauri Tulaiha na mfano wake katika mambo ya vita, na wasimpe uongozi. Alirudishiwa upanga, hakurudishiwa amri.

Alama ya kosa hudumu hadi lini?

Mafaqihi walilijadili suali hili katika milango mingine miwili, na yote miwili inatusaidia.

Mlango wa kwanza ni wa ushahidi. Katika Suratun-Nur, aya ya 4, Allah (s.w.) ameamrisha kuwa mwenye kumsingizia mwanamke mwema uzinzi bila ya mashahidi wanne apigwe mijeledi themanini na ushahidi wake usikubaliwe kamwe. Aya ya 5 ikawatoa waliotubia baada ya hapo na wakatengenea. Imamu Abu Hanifa amesema uvuaji huo unarudi kwenye sifa ya ufasiki tu, kwa hiyo ushahidi wake unabaki kukataliwa maisha yake yote. Maimamu Malik, Shafii na Ahmad wamesema unarudi kwenye ushahidi pia, kwa hiyo akitubia unakubaliwa. Hoja yao moja ni kitendo cha Umar (r.a.), ambaye baada ya kuwapiga mijeledi mashahidi watatu wa kisa cha Mughira bin Shu'ba aliwataka watubie ili akubali ushahidi wao.

Lakini hao waliosema ushahidi unarudi hawakusema unarudi papo hapo. Katika madhehebu ya Shafii, mwenye kutubia hutazamwa kwa muda mpaka ionekane kuwa ametengenea kweli, na wengi wa maulamaa wake, akiwemo Imamu Nawawi, wameukadiria muda huo kuwa mwaka mmoja, ili misimu yote minne impitie akiwa juu ya wema. Toba ya moyoni anaijua Allah peke yake. Viumbe wanahitaji kuona.

Mlango wa pili ni wa mali. Katika Suratun-Nisaa, aya ya 5 na ya 6, tumekatazwa kuwakabidhi mali wasio na busara, na tumeamrishwa kuwajaribu mayatima mpaka tuone kwao uongofu wa akili, hapo ndipo wapewe mali yao. Mali ni yao, na bado wanazuiliwa kwa muda kwa maslahi yao na ya wengine. Ikiwa fedha ya mtu mwenyewe inaweza kuzuiliwa kwa sababu hiyo, bunduki inayoweza kuua jirani ina haki zaidi ya kuzuiliwa.

Na wala hapana mgongano kati ya haya na msamaha. Katika Suratul-Maida, aya ya 34, wanyang'anyi waliotubia kabla ya kukamatwa wameondolewa adhabu maalumu ya aya iliyotangulia, lakini wanazuoni wamesema haki za waja zinabaki. Aliyeporwa hudai mali yake. Na usalama wa jirani nao ni haki ya waja.

Bunduki katika nchi yetu

Tukitoka Arabuni na kuja kwetu, bunduki ziliingia bara kwa wingi katika karne ya 19 kupitia Unguja na miji ya Mrima, pamoja na biashara ya pembe na watumwa. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza Unguja alikadiria kuwa bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia Afrika Mashariki kwa mwaka. Kwa bunduki hizo Mirambo wa Urambo na askari wake wa ruga-ruga walitawala njia za misafara mpaka alipofariki mwaka 1884.

Mwaka 1890 mataifa ya Ulaya yalikubaliana Brussels kuzuia uingizaji wa silaha katika sehemu kubwa ya Afrika. Sababu iliyotajwa ni kukomesha utumwa, lakini faida nyingine ilikuwa wazi: Mwafrika asiye na bunduki ni rahisi kutawaliwa. Baada ya Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, Wajerumani waliwakusanyia silaha watu wa kusini. Hapa ndipo tunapoona tofauti na Buzakha. Mkoloni alimnyima mtu silaha kwa sababu ya rangi yake, si kwa sababu ya alilolitenda, na hapakuwa na neno "mpaka". Ndiyo maana wazee wetu wengi walilizoea gobore la kufichwa na hawakuona kulificha kuwa ni dhambi. Mazoea hayo tumeyarithi, na wakati wake umepita.

Katika ukanda wa Shinyanga na Geita jambo hili lilikuja kwa sura mpya baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979. Silaha za vita zilibaki mikononi mwa watu wasiostahiki, na wizi wa ng'ombe Usukumani na Unyamwezini ukageuka kuwa wa mtutu. Wanakijiji wa upande wa Kahama na Shinyanga wakaanzisha Sungusungu mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakiwa na pinde na mishale dhidi ya bunduki. Mwaka 1989 Bunge liliwatambua kupitia marekebisho ya sheria za mgambo. Adhabu yao kubwa haikuwa jela, bali kumtenga mkosaji: hasalimiwi, hasaidiwi katika msiba, mpaka alipe faini na kurudi katika kundi. Hatusemi hawakukosea, kwani walifika mahali pa kuwapiga na hata kuwaua watu kwa tuhuma tupu, zikiwemo za uchawi, na hilo ni haramu isiyo na shaka. Tunalolitaja ni kwamba wao pia waliweka zuio lenye njia ya kurudia.

Kisha ikaja mwaka 1994, wakimbizi wa Rwanda walipoingia kwa mamia ya maelfu katika mkoa wa Kagera. Wengi wao walikuwa watu wanyonge waliokimbia, lakini silaha nazo ziliingia pamoja nao. Kwa miaka mingi mabasi yaliyopita katika misitu ya Biharamulo yalisindikizwa na askari kwa hofu ya majambazi. Buseresere yenyewe ilikuwa ndani ya wilaya ya Biharamulo mpaka ilipoundwa wilaya ya Chato mwaka 2005, na mwaka 2012 ikahamia mkoa mpya wa Geita. Katika kipindi hicho hicho dhahabu ilivuta watu kutoka kila upande, na mgodi mkubwa wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000. Katika mji wa namna hii jirani humjui alikotoka, na yeye hakujui wewe.

Sheria inasemaje?

Tanzania ilitia saini Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004 kuhusu silaha ndogo ndogo, inayozitaka nchi wanachama kudhibiti na kusajili silaha za raia na kupima uwezo wa anayetaka kuzimiliki. Mwaka 2015 Bunge lilipitisha Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi, ikachukua nafasi ya sheria ya 1991. Chini ya sheria hii kuwa na fedha ya kununua bunduki hakutoshi. Mwombaji hupimwa kwanza kama anafaa: utulivu wa akili yake, kuepukana kwake na ulevi, na kama amewahi kutiwa hatiani. Maombi huanzia kwa viongozi wa mahali anapoishi na kupitia kamati za ulinzi na usalama kabla ya kuamuliwa. Kumiliki silaha bila kibali kumeingizwa katika makosa ya uhujumu uchumi. Na unyang'anyi wa kutumia silaha, chini ya kifungu cha 287A cha Kanuni ya Adhabu, una kifungo kisichopungua miaka 30.

Nchi nyingine zimejibu suali la muda kwa njia mbalimbali. Sheria ya Uingereza ya 1968 inamzuia maisha aliyehukumiwa kifungo cha miaka 3 au zaidi. Aliyehukumiwa kuanzia miezi 3 hadi chini ya miaka 3, huzuiwa kwa miaka 5 tangu kutoka jela. Marekani ilianza mwaka 1938 kwa kuwazuia waliohukumiwa kwa makosa ya ukatili. Mwaka 1961 ikapanua zuio kwa kila kosa linaloweza kuadhibiwa kwa kifungo cha zaidi ya mwaka mmoja, na sheria ya 1968 ikalithibitisha. Matokeo yake, aliyedanganya karatasini akawekwa fungu moja na muuaji. Mahakama ya rufani iliyoko Philadelphia iliamua mwaka 2023, na tena mwaka 2024, kuwa mtu aliyetiwa hatiani mwaka 1995 kwa kudanganya ili apate msaada wa chakula asizuiliwe bunduki kwa kosa hilo. Sheria yao iliacha njia ya kuomba kurudishiwa haki, lakini kuanzia mwaka 1992 Bunge lao likanyima fedha za kuyashughulikia maombi hayo, na mpaka mwaka 2025 ndipo Wizara ya Sheria ilipoanza kuifufua njia hiyo. Mlango uliochorwa ukutani haumfai mtu.

Tukilinganisha, tunaona kuwa sheria iliyo karibu zaidi na mwendo wa Masahaba ni ile yenye sifa tatu: inazuia kwa kitendo kinachohusiana na hatari yenyewe, kama unyang'anyi na kujeruhi, inatolewa na mamlaka baada ya hukumu ya haki, na ina muda au njia ya kuthibitisha kutengenea. Muda huo si lazima uwe mwaka mmoja kama wa ushahidi. Shahidi akikosea, kadhi anaweza kutengua hukumu. Bunduki ikikosea, hapana wa kuirudisha roho. Kwa hiyo mtawala akiurefusha kwa maslahi ya raia, hajatoka katika kanuni za fiqhi.

Yanayomlazimu imamu

La kwanza, barua ya imamu ni ushahidi. Katika Suratun-Nisaa, aya ya 135, tumeamrishwa kusimamia uadilifu hata dhidi ya nafsi zetu na jamaa zetu. Imamu aseme anachokijua: tangu lini anamfahamu mtu huyu, na ameona nini kwake. Kumwona katika swala ya Alfajiri miezi miwili ni kheri, lakini si hoja ya kumkabidhi mtutu. Kuficha kosa lake mbele ya mamlaka inayouliza si katika kumsitiri Muislamu, kwa kuwa sitara haiwi kwa kuwaweka wengine hatarini.

La pili, aliyezuiliwa silaha hakuzuiliwa riziki wala heshima. Muuza duka amwajiri kubeba mizigo au kuhesabu magunia, msikiti umpe kazi ya usafi au ujenzi. Abubakar (r.a.) alipochukua farasi wa watu wa Buzakha aliwaachia ngamia. Anayemfungia aliyetubia kila mlango wa halali anamsukuma arudi kwa wale wanaouza bunduki gizani.

La tatu, mwenye gobore au bunduki isiyosajiliwa aisalimishe. Serikali katika miaka ya karibuni imekuwa ikitangaza vipindi vya msamaha ambavyo anayesalimisha silaha haramu hashitakiwi, na maimamu wana wajibu wa kuvitangaza juu ya mimbari.

La nne, tusidhani kuwa damu hulindwa kwa kuzuia bunduki peke yake. Mwezi wa Februari mwaka 2013, hapa hapa Buseresere, mzozo wa Waislamu na Wakristo juu ya nani achinje nyama ya biashara uligeuka kuwa mapambano, watu wakajeruhiwa na mchungaji mmoja akauawa. Hapakuwa na haja ya bunduki. Panga na rungu hazina leseni, ziko katika kila nyumba. Uhai wa jirani asiye Muislamu tunayeishi naye kwa amani umeharamishwa kwetu, na Mtume (s.a.w.) amemtishia mwenye kumuua aliye katika ahadi kuwa hatainusa harufu ya Pepo. Kinachouzuia mkono usiinue panga ni yale anayoyasikia mtu kwa imamu wake kila Ijumaa.

Basi kwa yule tuliyemtaja mwanzo, tunasema: toba yake ni baina yake na Mola wake, na tunamtarajia kheri. Bunduki ni amana ya watu wote wa mji, nayo itasubiri mpaka sheria na mwenendo wake vimshuhudie. Umar (r.a.) alimsubiri Tulaiha, na Tulaiha hakukata tamaa.

Wallahu a'lam.